Dakika Ishirini za Kupakua: Somo Kuhusu Maegesho ya Magari ya Mizigo Mijini



Katika safu hii ya elimu kwa umma tumekuwa tukieleza huduma ambazo mwananchi huzitumia kila siku bila kupata nafasi ya kuuliza zinavyoendeshwa. Toleo hili linahusu jambo tunaloliona kila asubuhi na kulinung'unikia, lakini ni wachache wanaokaa chini kulitafakari: gari linaloleta bidhaa mjini lisimame wapi?

Naomba nianze na tukio nililolishuhudia mwenyewe. Asubuhi moja ya siku ya gulio, gari aina ya Canter lililopakia matenga ya nyanya liliingia katika mtaa wa soko. Mahali palipowekewa kibao cha kupakulia mizigo palikuwa na magari mawili madogo. La kwanza lilikuwa la mwenye duka lililo hapohapo mbele ya kibao. La pili lilikuwa gari la ofisi, na mimi ndiye niliyeshuka humo muda mfupi kabla, nikiwa na kamera, nikienda kupiga picha za zoezi la usafi. Dereva wa nyanya alizunguka mtaa mara mbili, kisha akasimama katikati ya barabara na makuli wakaanza kushusha. Nyuma yake zikapanga foleni daladala, pikipiki na bajaji. Ndani ya bajaji moja alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa kituo cha afya. Mumewe aliteremka, akatazama mbele, akaona njia haipo; wakashuka wote wawili wakaenda kwa miguu hadi pembeni ya soko kutafuta usafiri mwingine.

Nilimfuata dereva nikamwambia kwamba amefunga barabara. Hakunijibu kwa hasira. Alinionyesha gari letu kwa kidole, akasema, "Bosi, nafasi yangu umeikalia wewe. Ningesimama wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kuegesha na kupakua ni mambo mawili

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kudhani kwamba kila gari lililosimama kando ya barabara limeegeshwa. Gari la mtu binafsi huegeshwa: mwenyewe huondoka, gari likabaki tupu likimsubiri kwa saa kadhaa. Gari la mizigo linapofika sokoni halikuja kupumzika. Lipo kazini, mlango wa nyuma u wazi, utingo yuko juu, makuli wako chini, na kazi ikiisha huondoka kwenda kituo kingine.

Tofauti hiyo ina matokeo. Mwenye gari dogo akiegesha mita mia mbili kutoka anakokwenda, atatembea dakika chache na hasara yake ni ndogo. Gunia la viazi haliwezi kutembea. Kila mita inayoongezwa kati ya gari na duka hubebwa na bega la mtu, na gharama yake huingia katika bei anayolipa mlaji. Kwa sababu hiyo, mji unaogawa nafasi za kando ya barabara bila kutofautisha makundi haya mawili huwaumiza wenye mizigo, hata pale ambapo umetoza ushuru uleule kwa kila mmoja.

Somo la Kariakoo

Mahali panapotufundisha zaidi katika nchi yetu ni Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi waliobebea jeshi la Waingereza mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tangu mwanzo, basi, jina la eneo lile ni jina la kubeba mizigo.

Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa mistari iliyonyooka inayokatana, ikiwa na viwanja vidogo vilivyokusudiwa nyumba za chini zenye vyumba vya kupanga. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa na mahali pake pakajengwa maghorofa yenye maduka chini na maghala juu. Wanunuzi hutoka mikoa yote ya Tanzania, na wengine huja kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bidhaa zimeongezeka, watu wameongezeka, majengo yamepanda juu. Lakini upana wa mtaa umebaki vilevile. Sehemu ya Barabara ya Msimbazi imepewa njia maalumu ya Mabasi Yaendayo Haraka, yaliyoanza huduma mwaka 2016. Uamuzi huo una manufaa kwa abiria, ila pia unamaanisha kwamba ukingo wa barabara unaobaki kwa magari ya mizigo ni mdogo zaidi. Juu ya hayo, ukingo huohuo hutafutwa na wamachinga, mama lishe, waendesha bodaboda, magari ya wateja na wenye maguta.

Hatari ya kuacha mambo yajiendee haikomi kwenye foleni. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilohilo na kuua watu. Siku kama hizo magari ya zimamoto, magari ya wagonjwa na mitambo ya kunyanyulia vifusi huhitaji njia papo hapo. Mtaa usiopitika saa 4 asubuhi kwa sababu ya lori lililosimama katikati hautapitika saa hiyo kwa gari la zimamoto. Mji mdogo kama wetu, ambao soko lake bado linakua, una nafasi ya kujifunza mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hesabu ya nafasi moja

Tuchukue mfano wa kufikirika ili tuone thamani ya nafasi moja. Mwenye duka anafika saa 2 asubuhi, anaegesha gari lake mbele ya duka, na kuliondoa saa 10 jioni. Amelikalia eneo hilo kwa saa 8, sawa na dakika 480, na amemhudumia mtu mmoja: yeye mwenyewe.

Sasa tuseme nafasi hiyohiyo imetengwa kwa kupakua, na kila gari linaruhusiwa dakika 20. Tuongeze dakika 10 za gari moja kutoka na jingine kuingia. Kila gari litatumia dakika 30, na katika dakika 480 nafasi hiyo itahudumia magari 16. Magari hayo 16 ndiyo yanayoleta unga, sabuni, mafuta ya kupikia na nyanya ambazo mwenye duka na majirani zake wanaziuza.

Upande wa pili wa hesabu ni hasara ya gari linalosimama katikati ya barabara. Iwapo lori moja litawachelewesha watu 40 kwa dakika 5 kila mmoja, mtaa umepoteza dakika 200, zaidi ya saa tatu za kazi, kwa mzigo mmoja tu. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la mtu yeyote, ndiyo maana hurudiwa kila siku.

Dereva naye ana hesabu yake. Mwenye vituo 10 vya kupeleka bidhaa, akipoteza dakika 15 za kutafuta nafasi katika kila kituo, kufikia jioni amepoteza dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Muda huo ungetosha kuhudumia vituo kadhaa zaidi. Akilinganisha hasara hiyo na uwezekano wa kukamatwa na kutozwa faini, wengi huamua kusimama vibaya na faini ikihesabiwa kuwa sehemu ya gharama za safari. Tunapomtoza faini dereva ambaye hakuonyeshwa mahali halali pa kusimama, tunakusanya fedha lakini barabara haifunguki.

Kufupisha muda ni sawa na kuongeza nafasi

Barabara hatuwezi kuitanua kila mwaka. Kubomoa majengo ni gharama kubwa na huleta migogoro ya fidia. Lakini muda wa kupakua tunaweza kuufupisha, na kila dakika inayookolewa ni nafasi mpya kwa gari linalofuata.

Tufikirie gari lenye magunia 60 na makuli wawili. Likisimama mbali, kuli mmoja akatumia dakika 3 kwenda na kurudi, kila mmoja atafanya safari 30, na kazi itachukua dakika 90. Gari hilohilo likisimama karibu na ghala, safari ikawa ya dakika 1, kazi itaisha kwa dakika 30. Wakiwa makuli wanne, dakika 15 zinatosha. Mtaa ni uleule na lori ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama na maandalizi ya mpokeaji.

Maandalizi hayo ni ya kawaida kabisa. Mwenye mzigo apigiwe simu kabla gari halijafika ili ghala likutwe wazi. Makuli wawepo tayari. Hati na malipo vikamilishwe mapema, kwa kuwa si mara chache lori huendelea kusimama ilhali mzigo umekwisha kushushwa, likisubiri mwenye fedha arudi kutoka benki. Magunia yafungashwe kwa vipimo halali. Lumbesa, licha ya kumdhulumu mkulima na kukatazwa na sheria ya vipimo, humchelewesha kuli na kumharibia mgongo.

Miji mingine ilivyofanya

Tatizo hili si geni duniani. Mwaka 45 kabla ya Kristo, sheria inayohusishwa na Julius Caesar ilizuia magari mengi ya mizigo ya kukokotwa na wanyama kutembea ndani ya jiji la Roma tangu macheo hadi alasiri, isipokuwa yale yenye kazi maalumu kama ujenzi wa mahekalu. Mchana njia zilipata nafuu, ila kelele zikahamia usiku, na mshairi Juvenal, aliyeishi zaidi ya karne moja baadaye, alilalamika kwamba magari hayo yaliwanyima watu usingizi. Funzo lake ni kwamba kuhamisha muda wa mizigo kunasaidia, lakini lazima aulizwe pia anayelala juu ya duka.

Jijini New York, Marekani, kati ya mwaka 2009 na 2010 lilifanyika jaribio la kupeleka bidhaa kati ya saa 1 jioni na saa 12 alfajiri katika eneo la Manhattan, likiongozwa na mtafiti José Holguín-Veras. Ilionekana kwamba magari yalitembea kwa kasi zaidi na madereva walitumia muda mfupi zaidi katika kila kituo. Jambo muhimu kwetu ni lile walilobaini kuhusu uamuzi: saa ya kufikisha mzigo huamuliwa zaidi na mpokeaji kuliko dereva. Dereva hawezi kuja alfajiri ikiwa duka hufunguliwa saa 3. Kwa hiyo wapokeaji ndio walioshawishiwa kwanza, na baadhi yao waliwaamini madereva kwa funguo ili washushe mzigo bila wao kuwapo.

Huko Paris, Ufaransa, jiji limetenga kando ya barabara nafasi za kupakulia zenye ukomo wa dakika 30. Baadhi ya nafasi hizo huachiwa magari ya wakazi nyakati za usiku, zikarudi kuwa za mizigo kunapokucha. Eneo moja hufanya kazi mbili kwa saa tofauti.

Hatuna haja, hata hivyo, ya kwenda mbali sana. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia. Bidhaa hushushwa pembezoni, kisha hamali wakaziingiza kwa mikokoteni hadi mlangoni mwa duka au hoteli. Kule Lamu kazi hiyo hufanywa na punda. Miji hiyo ya kale inatuonyesha kwamba gari kubwa si lazima lifike kila mlango. Panapokuwa na uwanja mmoja mzuri wa kushushia pembeni ya soko, guta, mkokoteni na pikipiki ya magurudumu matatu zinaweza kumalizia safari bila kuziba njia, na vijana wakapata ajira.

Nako Kariakoo, mwanzoni mwa mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara kwa saa 24. Mpango wa namna hiyo ukiambatana na taa, ulinzi na usafiri wa uhakika kwa makuli, mizigo mikubwa inaweza kuingia usiku na mchana ukaachiwa wanunuzi.

Nani ana mamlaka gani?

Mwananchi mwenye kero ya maegesho mara nyingi hajui aipeleke wapi, hivyo ni vema tukafafanua. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, zikiwamo mitaa mingi ya mji, zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Mwenendo wa madereva barabarani husimamiwa na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Halmashauri kwa upande wake husimamia masoko na inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287.

Maana yake ni kwamba hakuna taasisi moja inayoweza kulimaliza jambo hili peke yake. Kibao kikiwekwa bila askari au mgambo wa kukisimamia, kitageuka pambo. Askari akikamata pasipo alama zinazosomeka, dereva atabaki na malalamiko ya haki. Na sheria ndogo ikitungwa bila kuwasikiliza wafanyabiashara, itavunjwa kuanzia siku ya kwanza. Utaratibu wa kutunga sheria ndogo unatoa nafasi kwa wananchi kutoa maoni kabla haijapitishwa na Baraza la Madiwani, na nafasi hiyo hutumiwa na wachache mno.

Wajibu wa kila mmoja wetu

Mwenye duka: nafasi iliyo mbele ya mlango wako si sehemu ya kiwanja chako. Ukiegesha gari lako hapo kutwa nzima, unamfukuza anayekuletea bidhaa na mteja anayekuja kuzinunua. Egesha pembeni ya soko, utembee.

Dereva na utingo: mzigo ukishashuka, ondoka. Chai inywewe mahali gari halizuii mtu. Usizime injini na kutoweka na funguo. Dharura ikitokea, gari lako litakuwa kizuizi kisichoweza kusogezwa.

Makuli na wenye mikokoteni: jiungeni katika vikundi vinavyotambulika ili zamu zenu zijulikane na mwenye mzigo ajue wa kumpigia.

Wafanyabiashara wadogo: kibao cha kupakulia si mahali pa kutandaza bidhaa. Kamati ya soko iwasaidie kupata maeneo yenye wateja, maana kumwondoa mtu pasipo kumwonyesha pa kwenda ni kumfanya arudi kesho.

Watumishi wa umma: namba za gari haziondoi wajibu wa kuheshimu kibao. Hili naliandika nikiwa wa kwanza kulivunja. Siku ileile nilimwomba dereva wetu aondoe gari, na tangu hapo tukienda sokoni tunashuka kwenye uwanja wa pembeni na kutembea. Ni mwendo wa dakika nne.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa mtaa

1. Katika mtaa wenu, bidhaa nyingi huingia saa ngapi, na maduka hufunguliwa saa ngapi? Je, saa hizo mbili zinaweza kukaribiana?

2. Hesabuni kwa siku moja magari yanayosimama katika nafasi tano zilizo jirani na soko. Mangapi yanapakua, na mangapi yameachwa tu?

3. Ni eneo gani la pembezoni linaloweza kutumika kushushia mizigo ili guta na mikokoteni zimalizie safari?

4. Gari la zimamoto likihitaji kuingia saa 4 asubuhi siku ya gulio, litapita njia ipi? Aliyepo jirani na njia hiyo ameambiwa?

Majibu yenu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano na kuwasilishwa kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ili yafike katika vikao vya Halmashauri yakiwa na sura ya mtaa husika. Takwimu mtakazozikusanya wenyewe kwa kalamu na daftari zitakuwa na uzito kuliko makisio ya mtu aliye ofisini.

Dereva wa nyanya aliuliza swali fupi: asimame wapi? Bado hupita katika mtaa ule kila siku ya gulio. Siku tutakapoweza kumwonyesha mahali kwa kidole, na akapakuta wazi, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumtaka asisimame katikati ya njia.